Nta ya Blandine na Mguu wa Papa Dosie

Redio ya Mama Pétronille ilikuwa imemaliza matangazo ya misiba, ikaingia ya biashara. Sauti tamu ya mwanamke ikasema: "Wamama na wadada wa Kalemie! Saluni ya Blandine, nyuma ya kwado ya Steve, sasa iko na epilasyo ya nta, kung'oa unywele ya muguu. Miguu laini kama ya mutoto muchanga. Kuja uone mwenyewe, epilasyo bila mau..."

Hatukusikia mwisho wake. Nyuma ya ukuta wa mbao, hatua nne kutoka tulipokaa, ulipigwa ukelele ambao sijausikia tangu siku gari moshi lilipomgonga ng'ombe wa padri. Kuku wakatawanyika. Mwenye pikipiki aliyekuwa anapita akafunga breki, akashuka kutazama chini ya gurudumu kama amekanyaga mtu.

"...mivu," redio ikamalizia.

Kijiwe chetu ni taruma la zamani, lile gogo linalobeba reli, lililolazwa juu ya mawe mawili, mbele ya meza ya chai ya Mama Pétronille. Mama huyo anauza chai, kahawa na mandazi, na Jumapili kuku wa kuchoma. Ubavuni yuko Steve, anayeziba matairi, kazi tunayoiita kwado, nasi tunamwita Kwado. Blandine mwenye saluni ni mke wake. Eugène tunamwita Pamba, kwa sababu kazi yake ni kuziba mianya ya mitumbwi kwa pamba na nta kule chini ufukoni mwa ziwa. Mimi wananiita Grefie, yaani karani wa mahakama, maana nakumbuka nani alisema nini na siku gani, jambo ambalo halijaniletea rafiki hata mmoja.

Na yuko Papa Adalbert, yaani Papa Dosie. Alifanya kazi ofisi za reli miaka thelathini, akibeba dosie, yaani mafaili, kutoka meza hii mpaka meza ile bila kufungua hata moja. Ndiyo maana anajua kila kitu.

"Iyo dosie naijua," akasema, akipuliza kahawa yake. "Maumivu iko mu kichwa tu. Muntu akijiambia haiumi, haiumi. Wanawake wa sasa wanalia bure. Mama yangu alizaa watoto tisa, jirani hakusikia hata kikohozi."

"Papa, watoto tisa walipita ku mulango wao," Mama Pétronille akamjibu. "Unywele haiko na mulango. Inang'olewa."

"Na juu ya nini kuing'oa? Mungu aliweka unywele pale na sababu yake."

"Sasa ile ya mu masikio yako, Papa, Mungu aliiweka na sababu gani?" Pamba akauliza. "Juzi niliona ndege anaizunguka, anatafuta pa kutaga."

Tulicheka mpaka taruma likayumba. Kwado peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika tairi mkononi, ameligeuza mara tatu bila kulitazama.

"Ule ni wa pili leo," akasema polepole. "Wa kwanza alikimbia na kiatu moja. Ingine iko mule ndani."

"Arudie kiatu yake, atavumilia tu," Papa Dosie akasema. "Tuache mambo ya wanawake, tuongee ya maana. Leo saa sita mutumbwi yangu inashuka mu maji, kesho iko Zongwe. Nimepita kule asubuhi. Wandugu! Huyu Pamba alifunga matundu yote, mutumbwi inang'aa, unaweza kuchana ndevu mbele yake. Na harufu! Mitumbwi yote ya Kalemie inanuka lami na samaki. Yangu inanukia asali na maua. Nilikuta nyuki wawili wamekaa pale, hawataki kutoka. Mie nasema, ukiona vyaelea, vimeundwa."

Pamba akainamisha kichwa kama bibi harusi. "Ni mukono tu, Papa. Mukono na Mungu."

Pazia la saluni likavutwa kando, Blandine akatoka. Mkononi alikuwa na kipande cha kitambaa, usoni jasho, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi ambayo hayajaamua kama yatoke au yageuke matusi.

"Steve! Kuja uone! Nta imeshika muguu ya Keren, haitaki kutoka. Navuta, inavutana na mie!"

"Nakufa!" ikaja sauti kutoka ndani.

"Ule ni Keren nani?" Mama Pétronille akauliza.

"Mudogo yake Laurette. Kesho Laurette anaolewa ku parokia. Leo saa ine anakuja hapa na wasindikizaji wake watano, niwapige epilasyo wote. Alituma mudogo yake mbele aonje." Blandine akajifuta uso kwa kitambaa, akasahau kuwa kina nta, nyusi ikakwama, akaibandua kwa hasira. "Kama Laurette anakuta mudogo yake analia ivi, anageuza, na Kalemie yote inageuka naye. Nitarudia sokoni kusuka nywele chini ya mwavuli ya wifi yangu. Alishasema nitarudi mbele ya mwezi kuisha. Ananitunzia kigoda!"

Wifi wa Blandine tunamfahamu sote. Ni dada wa Kwado, na Kwado mwenyewe akimwona hupita barabara nyingine.

Kwado akakichukua kile kitambaa, akakitazama kwenye mwanga kama anatafuta tundu.

"Ulivuta aje?"

"Nilianza chini chini, ikakataa. Njo nikavuta juu."

"Juu! Blandine, kila siku unaniona hapa. Kiraka ukiivuta juu inaondoka na mupira. Unaikunja, unailaza, unavuta ikiwa chini kabisa, mara moja tu, bila kuwaza mara mbili. Mukono ingine inakaza mupira isifuate. Na ulisafisha? Ku mupira ya mafuta, gundi haishike."

"Na ulipiga maji ya moto?" Mama Pétronille akadakia, ameshika birika. "Kuku hanyonyolewe akiwa baridi. Unaweka kitambaa ya moto, ngozi inafunguka, kisha unakausha vizuri."

"Munanifundisha?" Blandine akafoka. "Miezi mitatu nilikaa kwa Mama Elsa kule Lubumbashi! Nasafisha, nakausha, nawekea poda, napaka kufuata vile unywele inalala, navuta kinyume. Kule hakuna muntu alilia, wengine walilala usingizi! Ni hii nta. Imeharibika. Iko nyeusi, na inanuka kama... kama bandari!"

"Ilete," Pamba akasema kwa madaha. "Kama ni nta, muko na bingwa hapa."

Blandine akaleta bati. Lilikuwa bati la maziwa ya unga, lile kubwa, limechubuka karatasi. Pamba akachovya kijiti, akanusa. Akanusa tena. Tabasamu lake likaondoka kidogo kidogo, upande wa kulia kwanza.

"Iyi bati," akasema, "njo ile nilikurudishia jana?"

"Njo hiyo! Si nilikuletea juzi, kuraa ya umeme imekatika, nta yangu imetoka Kigoma ngumu kama jiwe? Nikakuomba uyeyushe ku moto yako?"

"Eeh. Sasa... iyi haiko ya miguu."

"Ni ya nini?"

"Ya mitumbwi. Nta ya nyuki, utomvu ya muti, mawese, na lami kidogo. Mabati yote ni ya maziwa, Blandine, yanafanana! Iyi niliitengeneza mie mwenyewe isitoke hata mawimbi iipige miaka tano."

Kutoka ndani ikaja sauti: "Miaka ngapi?!"

Sitaandika hapa maneno aliyosema Blandine, maana kuna watoto wanaosoma. Kwado alimwangalia Pamba kama mtu anayechagua nyundo. Mama Pétronille alikuwa anacheka na kupiga ishara ya msalaba kwa wakati mmoja. Papa Dosie alicheka kuliko wote, akipiga paja: "Amezibwa! Mutoto wa watu amezibwa kama mutumbwi! Mutumieni Zongwe, hataingia hata tone!"

Mtu mwenye akili iliyotulia angeuliza swali la pili hapo hapo. Sisi hatukuwa na akili iliyotulia. Tulikuwa na Keren.

"Iyi nikikosea ku mbao, naitoa na mafuta ya vuguvugu," Pamba akasema haraka haraka, na sauti yake ilikuwa imepungua nusu. "Haivutwe. Inasuguliwa pole pole, inajitoa yenyewe."

Mama Pétronille akapasha mafuta, akaingia ndani na kitambaa. Baada ya dakika kumi Keren akatoka akichechemea, mguu mwekundu lakini mzima, akakaa mbali na Pamba kadiri taruma lilivyoruhusu.

"Saa ngapi?" Blandine akauliza.

"Saa tatu na dakika ishirini," nikajibu.

"Nta haiko. Nimekwisha." Akakaa chini, kwenye tairi, na sasa machozi yakaamua. Niseme ukweli, iliniuma. Mwanamke huyu aliipaka rangi saluni ile kwa mikono yake, na herufi za ukutani nilimwandikia mimi.

Mama Pétronille akamtazama, akatazama sukari yake, akavuta pumzi ndefu. "Blandine. Ile bombo napikia watoto, peremende ya sukari na ndimu. Siku moja ilinimwagikia ku mukono. Nilipoibandua, ilienda na manyoya yote. Mpaka leo hapa pako uchi." Akatuonyesha.

Blandine akainua kichwa. "Mama Elsa alifanya vile, nta ikimuishia! Sukari vikombe mbili, ndimu, maji kidogo, mpaka ipate rangi ya asali!"

Basi sukari ya chai yetu yote ikaingia sufuriani, na hakuna aliyethubutu kulalamika. Blandine alikoroga, akatonesha, akapuliza. Alijaribu tone kwanza kwenye kifundo cha mkono wake, upande wa ndani. "Ikiniunguza mie, itamuunguza na kliya anayelipa. Tungoje." Tukangoja. Likawa laini, linavutika kama ugali wa mhogo.

"Sasa nataka muguu," akasema. "Mbele ya Laurette kufika. Sitamupaka bibi harusi kitu sijajaribu."

Keren alikuwa tayari amesimama upande wa pili wa barabara. Kwado akapandisha suruali, na kama tunavyojua sote, miguu yake ni kama yai, hakuna hata unywele wa ushahidi. Pamba akaonyesha makovu ya lami, akasema daktari alimkataza. Mimi niliinama kufunga kamba za viatu, nikakumbuka nimevaa ndala.

Macho yote yakamgeukia Papa Dosie.

"Mie? Mie niko na presha."

"Presha iko mu kichwa tu, Papa," Mama Pétronille akasema.

"Na mutumbwi yangu? Saa sita..."

"Hata saa ine haijafika."

"Mukaribie muone!" Blandine akasimama mbele yake. "Mukuki kwa nguruwe ni mutamu! Papa, si weye ulisema muntu akijiambia haiumi, haiumi? Leta muguu. Kichwa ubaki nayo mwenyewe, ujiambie."

Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Papa Dosie akapandisha suruali mpaka gotini, akalaza mguu juu ya taruma, na sisi tukarudi nyuma hatua moja. Ule haukuwa mguu, ulikuwa msitu wa Marungu kabla ya barabara.

"Ni murefu sana," Blandine akasema. "Ikiwa murefu ivi inauma bure, ikiwa mufupi sana haishikike. Inafaa ibaki kama punje ya muchele." Kwado akaleta mkasi wa kukatia viraka, akafyeka. Papa Dosie akanyoosha mkono kuchukua kahawa apate moyo, Blandine akamnyang'anya kikombe.

"Mbele ya epilasyo hakuna kahawa. Inaamsha ngozi, inasikia kila kitu."

"Weye, usiniharibie biashara," Mama Pétronille akanong'ona.

Kitambaa cha maji moto. Kukausha. Poda. Papa Dosie alikuwa ameanza kusali Salamu Maria kwa kasi ya treni isiyo na breki. Blandine akapaka ule utandu wa sukari kufuata unywele unavyolala, akabandika kitambaa, akakisugua kwa kiganja. Na hapo hapo, kwenye kona, wakatokea wasichana sita wenye vitenge vya sare wakicheka. Mbele yao Laurette.

"Papa," Blandine akasema chini chini, bila kugeuka, "ukilia, nimekufa. Nakuomba kama baba yangu mzazi."

Papa Dosie akafumba macho, akashika goti langu. Alama za kucha zake bado ninazo.

Blandine akaukaza mguu kwa mkono mmoja. Akavuta kwa mwingine, chini chini, sambamba na ngozi, mara moja. Kabla kitambaa hakijapoa, kiganja chake kilikuwa kimeshakandamiza pale pale.

Papa Dosie, macho bado yamefumbwa, akasema kwa ukali: "Anza basi! Juu ya nini unanichelewesha?"

"Nimemaliza, Papa."

Akafumbua jicho moja. Katikati ya msitu ule palikuwa na njia nyeupe, laini, upana wa vidole vinne. Akaigusa kwa kidole. Akaigusa tena, kwa upole ambao sijawahi kumwona nao. "Eh," akasema. "Eh-eh."

Laurette alikuwa amefika karibu, ameinama kutazama. Laurette ni muuguzi, ndiye anayetuchoma sindano za chanjo. "Huyu Papa Adalbert? Siku ya chanjo tulimushika watu wane, na bado alivunja kiti. Sasa amekaa kimya?" Akawageukia wenzake. "Wadada, tuingie."

Wakaingia wote, na Keren akawafuata nyuma, akaenda kumalizia mguu wa pili kwa hiari yake. Blandine alikuwa anabandika kitambaa cha pili kwa Papa Dosie, akakiacha pale pale kinaning'inia. "Ungoje kidogo, Papa, nawapanga kliya, narudia." Alipopita mbele ya mumewe nilimwona anatabasamu, na Kwado akakaa kwenye taruma kwa uzito, kama mtu aliyetua gunia.

Tukategesha masikio. Dakika tano. Ndani palikuwa na vicheko tu, na mmoja aliuliza kama mikono nayo inafanywa.

"Nilisema mie!" Papa Dosie akajikweza. "Iko mu kichwa. Lakini amalize muguu yote, siwezi kurudia nyumbani na barabara moja hapa. Muke yangu, Mama Elodie, ataniuliza ni nani aliifungua."

Ndipo Kwado, aliyekuwa ametulia sasa, akauliza lile swali la pili.

"Pamba. Bati ya mutumbwi ilikuja saluni. Sasa bati ya saluni ilienda wapi?"

Pamba alikuwa amesimama tayari. Chai yake ilikuwa nusu kikombe. Tangu taruma lile liwekwe pale, Pamba hajawahi kuacha chai.

"Naenda... naenda kuangalia kitu," akasema, na hakutembea.

Papa Dosie akageuka taratibu. Midomo yake ilikuwa inahesabu kitu bila sauti. "Asali," akasema. "Asali na maua."

"Papa, ikiwa kivulini haina shida sana," Pamba akaanza. "Ila jua ikiipiga kidogo, inakuwa... inakuwa laini. Kama ya miguu."

Tulitazama juu. Jua lilikuwa linawaka kama limetumwa. Na kutoka chini ufukoni, upepo ukatuletea sauti za wanaume wanasukuma kwa pamoja: "Hoo-is! Hoo-is!"

"Nilisema saa sita!" Papa Dosie akapiga yowe.

"Ziwa imetulia," Mama Pétronille akasema. "Wameona wasipoteze nafasi."

Sasa sikilizeni vizuri, maana mimi ni Grefie na nilikuwa pale. Redio ilikuwa inarudia matangazo. "Saluni ya Blandine," ilisema ile sauti tamu, "epilasyo bila mau..." Papa Dosie akaruka kutoka kwenye taruma kwa nguvu zake zote. Lakini kile kitambaa cha pili, kilichokuwa kimeshakauka mguuni mwake, ncha yake ilikuwa chini ya makalio ya Kwado. Papa Dosie akaondoka. Kitambaa kikabaki. Kilivutwa juu, tena upande usiofaa, na hakuna kiganja kilichokuwa karibu.

Ukelele ule ulifika bandarini. Kuku waliokuwa wameanza kurudi wakaondoka moja kwa moja.

"...mivu," redio ikamalizia.

Tulipoangalia, Papa Dosie alikuwa ameshateremka nusu ya njia, suruali mguu mmoja juu, mmoja chini, njia mbili nyeupe ziking'aa kwenye shavu la mguu wake, anapiga kelele wautoe mtumbwi majini. Nyuma yake Pamba anakimbia na sufuria ya mafuta, sijui ya nini. Kwado alichukua ndoo mbili za kuchotea maji, akawafuata. Nami nikafuata, maana jambo kama lile lazima liwe na shahidi.

Nilipopita dirishani nilimsikia Laurette akiuliza kwa hofu: "Blandine, ni nani analia ivyo?"

"Usiogope, dada," Blandine akajibu, mkono wake haukusita hata kidogo. "Huyo analilia mutumbwi yake. Maumivu iko mu kichwa tu. Lete muguu ingine."